Majibu ya Mwezi wa Tatu

Rebeka Mgaya asingeyaona majibu yale kama mke wa Kelvin asingejifungua Jumanne ile. Kelvin alikuwa karani wa takwimu katika mradi wao wa utafiti wa tumbo, na alipoomba ruhusa ya siku nne, Rebeka, muuguzi wa mradi, aliambiwa akalie kiti chake na kuingiza kwenye kompyuta fomu za ziara za mwezi wa tisa. Alikuwa akitafuta faili la ziara. Akafungua jingine.

Lilikuwa na mistari mia mbili na nne, kila mshiriki na mstari wake: namba, tarehe aliyoingizwa mpira wa kamera tumboni, tarehe majibu ya kile kinyama alichokatwa yalipofika kutoka maabara, majibu yenyewe, na mwisho safu iliyoandikwa "mshiriki kuarifiwa". Karibu mistari yote ilisema jambo moja, kwamba ngozi ya ndani ya tumbo imevimba na bakteria wameonekana. Mistari saba ilipakwa rangi ya njano. Mitano kati ya hiyo ilisema seli zimeanza kubadilika. Miwili ilisema saratani.

Mmoja wa ile miwili ulikuwa wa namba 047. Rebeka hakuhitaji kutazama daftari kujua ni nani. Namba ile aliiandika kwa mkono wake kwenye kadi ya Silvio Anselmo wa Namilembe, mkulima wa mpunga bondeni mwa Ruvuma. Majibu yake yalifika tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Sasa ilikuwa mwezi wa kumi, mabibo yameanza kuiva. Na kwenye safu ya mwisho, katika mistari yote saba, mtu alikuwa ameandika: baada ya ziara ya Desemba.

Alisoma mara tatu. Kisha akainuka, akaenda chooni, akafungua bomba na kuacha maji yamwagikie mikononi mpaka yalipoanza kumkera. Alikuwa mtu wa Njombe, aliyelelewa na mama asiyepaza sauti hata mbuzi wakiingia shambani, na katika miaka kumi na miwili ya kuishi Mtwara hakuna jirani wa Magomeni aliyewahi kumsikia akigomba. Siku ile alijitazama kwenye kioo cha choo akajua kwamba atagomba.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Vidonda vya tumbo vimewatesa watu wa ukanda ule kwa muda mrefu. Dawa za zamani za kuua wale bakteria zilikuwa zimeanza kushindwa, na mradi ulitaka kulinganisha dozi ya zamani na mchanganyiko mpya. Rebeka alijiunga kwa moyo mmoja. Aliacha kazi ya zahanati karibu na Nanyamba, akanunua buti, akapita kijiji kwa kijiji akiwaeleza watu habari za mdudu anayeishi tumboni na namna anavyochimba. Alipofika kwenye fomu ya ridhaa aliisoma yote, hakuruka mstari, na kuna mstari alioupenda kuliko yote: majibu ya vipimo vyako utapewa ndani ya wiki kumi. Watu wengi walitia sahihi kwa ajili ya mstari ule. Silvio alikuwa mmojawao. Alisema amepimwa mara nyingi maishani mwake, ila hajawahi kuambiwa kilichoonekana.

Baada ya dozi, washiriki walitembelewa kila mwezi. Rebeka alibeba mizani na mfuko wa vidonge vya kupunguza asidi. Silvio alikuwa na kilo sitini na moja mwezi wa pili. Mwezi wa tano hamsini na sita. Mwezi wa saba hamsini na mbili, na wakati huo alishaacha ugali wa muhogo, anakunywa uji tu, na uji nao humkaa kooni. Vidonge vilimpa nafuu ya siku chache, kisha maumivu yakarudi. Rebeka alimpelekea mkuu wa mradi, Daktari Frank, habari za kilo zile. Daktari akamwambia ni athari inayotarajiwa ya dawa, aendelee kuandika. Naye aliendelea. Kwenye fomu ya mwezi wa saba aliandika kwa kalamu ya bluu: maumivu ya wastani, hali inaridhisha.

Alitoka chooni akaenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari Frank. Ofisi ilikuwa katika nyumba ya kupanga pale Shangani, mtaa wa Mtwara mjini, chumba cha mbele chenye kiyoyozi na pazia zito. Hakupiga hodi. Alisimama mbele ya meza akamwambia ameliona faili, akataja tarehe.

Daktari Frank hakushtuka wala hakukasirika. Alikuwa mwanamume wa makamo, mchapakazi, anayefika ofisini kabla ya mlinzi kukabidhi zamu, na wote katika mradi walijua kwamba mama yake alikufa kwa kutapika damu ya vidonda vya tumbo wakati yeye yuko mwaka wa pili chuo cha udaktari. Alimwomba Rebeka afunge mlango. Alipoona hafungi, akainuka akaufunga mwenyewe. Kisha akaeleza kwa upole, kama mtu anayefundisha. Hesabu ya utafiti ilihitaji washiriki wasiopungua mia mbili mpaka kipimo cha mwisho. Mtu akiambiwa ana saratani au seli zinazobadilika, lazima aondolewe kwenye utafiti akatibiwe. Wakiondolewa saba wanabaki mia moja tisini na saba, na kazi yote ya miaka mitatu inakosa nguvu. Wafadhili watafunga. Dawa ambayo ingewaponya maelfu itarudi kabatini.

"Silvio ana kilo arobaini na tisa," Rebeka alisema.

"Najua. Na Desemba si mbali."

"Si mbali kwa nani, Daktari?"

Daktari Frank alirudi kwenye kiti chake. Alisema jambo jingine, kwamba siri za washiriki zinalindwa kwa mkataba, na muuguzi anayetoa taarifa bila idhini anaweza kufutiwa leseni. Alilisema bila ukali, hata kwa huruma kidogo, na huruma ile ndiyo iliyomfanya Rebeka ahisi damu inampanda mpaka masikioni. Angemtukana ingekuwa afadhali. Alimwambia kwamba siri ya mtu haifichwi mwenye siri, akatoka.

Alirudi kwenye kompyuta ya Kelvin. Hakunakili faili. Alichukua karatasi saba, akaandika kwa mkono, kila karatasi mtu wake: jina, tarehe ya kipimo, tarehe ya majibu, majibu yenyewe kwa Kiswahili cha kueleweka, na chini jina lake na namba yake ya leseni. Majina aliyajua yote bila daftari. Wote saba alikuwa amewaandikisha yeye. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Gaudensi, mganga wa kituo cha afya aliyefanya naye kazi zamani, akampa karatasi zile azisome. Gaudensi alizisoma akiwa amesimama, akavuta kiti, akajaza barua saba za rufaa bila kuuliza swali hata moja isipokuwa tahajia ya majina.

Akaanza na Namilembe, kwa sababu kule ndiko alikoogopa kwenda.

Anabela, mke wa Silvio, alikuwa uani akianika makopa ya muhogo juu ya turubai. Watu walimwita Mama Marlene, kwa jina la binti yao aliyeolewa Palma, ng'ambo ya mto. Alimkaribisha Rebeka kama alivyomkaribisha siku zote, akamtolea kigoda, akaenda kumwamsha mumewe. Silvio alitoka akijishikilia ukutani. Alikuwa amevaa koti la mvua juani, maana baridi haikumtoka tena mwilini.

Rebeka hakuzunguka. Aliwaambia kilichoonekana, akasema jina la ugonjwa, akasema gari la rufaa linaondoka kesho kutwa kwenda Dar es Salaam na barua hii hapa. Silvio alisikiliza akitazama karatasi, ingawa maandishi yenyewe hakuweza kuyaona bila miwani.

"Ilijulikana lini?" aliuliza.

"Mwezi wa tatu, baba. Tarehe kumi na nne."

Silvio alitikisa kichwa polepole. Akasema mwezi wa tatu alikuwa bado analala shambani kuwafukuza viboko wasile mpunga, anapiga debe mpaka asubuhi, na mguu ulikuwa na nguvu. Alisema kama mtu anayekumbuka mahali alipoacha jembe. 

 Anabela aliweka chini ungo, akafuta mikono kwenye kanga, akaja akasimama mbele ya Rebeka.

"Sista, mwezi wa sita nilitaka kumpeleka hospitali ya Ndanda. Unakumbuka?"

Rebeka alikumbuka.

"Nilishaongea na mwenye gari. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko. Wewe ukaja na mizani yako ukasema tusubiri, dawa inafanya kazi, akitibiwa kwingine utaharibika utafiti. Nikazitoa nguo kwenye mfuko. Nilizitoa kwa mikono hii."

"Sikujua, mama. Nakuapia sikujua."

"Ulimpima kila mwezi. Ulikuwa unaona anavyoyeyuka, unaandika, unafunga daftari, unakunywa maji yangu unaondoka. Kujua kwenu kukoje?"

Rebeka alitaka kusema juu ya Daktari Frank, juu ya lile faili, juu ya leseni aliyokuwa ameiweka rehani kwa kuja pale. Aliona maneno yote yale ni ya kujitetea yeye, hayana dawa ndani yake. Akamwambia Anabela amesema kweli. Anabela akaingia ndani kufunga nguo upya, na tangu pale hakumsemesha tena mpaka gari lilipoondoka.

Nyumba sita zilizobaki alizimaliza kwa siku mbili. Mtu wa pili mwenye saratani, mzee wa karibu na mpaka ambaye ziara zake za kila mwezi zilifanywa na muuguzi mwingine, alikuwa ameshazikwa mwezi wa nane, na habari hizo hazikuwa zimeingizwa kwenye faili. Mwanawe alisema walidhani amerogwa, na kuna jirani walikuwa hawasemezani naye mpaka siku ile kwa sababu hiyo. Rebeka alisimama pale akiwa na karatasi ya marehemu mkononi na hakujua amkabidhi nani. Mwishowe alimpa yule mwana, na yule mwana akaenda nayo moja kwa moja kwa jirani.

Katika wale watano wengine yumo Mwanahamisi, mama wa miaka thelathini na tisa anayeuza pweza wa kukausha. Huyu alilia kidogo, kisha akauliza akichelewa mpaka amalize msimu itakuwaje. Rebeka alimjibu kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa mgonjwa, akamwambia hakuna msimu, apande gari kesho. Mwanahamisi alipanda. Daktari wa Dar aliikata ile sehemu mbaya kwa mpira uleule wa kamera, bila kumpasua tumbo, akamwambia amewahi kwa kama mwaka mmoja.

Silvio hakuwahi. Walimpasua, wakaona, wakamfunga. Daktari bingwa, ambaye hakujua chochote juu ya mradi, alimuuliza Anabela mbona mmechelewa hivi, akasema kama mgonjwa angefika mwezi wa tatu au wa nne pengine wangekata nusu ya tumbo akaishi. Alisema kwa uchovu, jinsi madaktari wanavyosema. Anabela alimweleza Marlene kwa simu, na Marlene ndiye aliyempigia Rebeka kumfikishia. Hakumtukana. Alimsomea tu maneno yale, kisha akakata simu.

Rebeka alikuwa ameshafukuzwa kazi wakati huo. Barua ilisema amevunja usiri wa taarifa. Aliipokea, akaambatisha nakala yake kwenye malalamiko ya kurasa nne aliyopeleka kwa kamati ya maadili ya utafiti, na katika ukurasa wa tatu aliandika pia kile alichokiandika kwenye fomu ya mwezi wa saba, neno kwa neno. Kelvin alimwonya kwamba anajichongea. Akamwambia ndiyo.

Silvio alifia nyumbani wiki ya pili ya Januari. Rebeka alikwenda msibani, akakaa nyuma kabisa na wanawake wa kijiji, akachambua mchele, akachota maji, akaondoka jioni bila kupewa mkono na mfiwa. Hakuutegemea.

Wiki tatu baadaye simu yake iliita. Ilikuwa Anabela, akimtaka aje. Hakusema kwa nini.

Alimkuta amekaa barazani na bahasha nene nyeupe mapajani. Dereva wa mradi ndiye aliyeileta. Ndani mlikuwa na barua ya Kiingereza iliyotiwa sahihi na mkurugenzi wa kigeni wa mradi, na Anabela alitaka isomwe na mtu anayejua ilikotoka. Rebeka aliisoma kimyakimya kwanza, akahisi ile damu ya siku ya Shangani inampanda tena. Ilisema mradi umehuzunishwa na kifo cha mshiriki. Ilishukuru familia kwa mchango wake katika kuendeleza sayansi. Ilisema ugonjwa wake haukusababishwa na dawa za utafiti, na ikaomba mjane atie sahihi chini kuthibitisha kwamba ameelezwa hivyo na ameridhika.

Alimtafsiria yote, hakulainisha hata neno moja. Anabela alisikiliza huku akikunja pindo la kanga.

"Dawa haikumuua," alisema. "Hapo hawakusema uongo."

"Hawakusema, mama."

"Una kalamu?"

Rebeka alikuwa nayo. Anabela alimwambia aigeuze barua ile, aandike nyuma yake, kwa Kiswahili, wao watafute wa kuwatafsiria. Akaanza kusema, polepole, akimsubiri amalize kila mstari. Kwamba mimi Anabela sitii sahihi. Kwamba nataka kujua majibu ya mume wangu yalipofika tarehe kumi na nne nani aliyafungua, nani aliyasoma, nani aliamua tusiambiwe, na siku ile alipoamua alikula nini na alilala wapi. Kwamba mtu huyo aje Namilembe aniambie kwa mdomo wake, mimi na mwanangu, mchana, watu wakiwepo. Kwamba nataka vivyo hivyo kwa kila nyumba kati ya zile saba.

Rebeka aliandika yote. Mkono ulimuuma. Alipofika mwisho aliuliza aweke majina ya nani kwenye wanaotakiwa kujibu.

"Weka la huyo daktari wako," Anabela alisema. "Weka la aliyetia sahihi hii barua. Na weka la kwako."

Rebeka alishusha kalamu chini kabisa ya barua.

"Usiliweke chini kama mwandishi. Liweke pamoja na yao. Wewe umekuja na ukweli, sikatai, na kina Mwanahamisi wako hai kwa sababu hiyo. Lakini mwezi wa sita ulikuwa hapa umekaa kwenye kigoda changu. Nitawauliza wote, na wewe nitakuuliza."

Rebeka aliandika jina la Frank, akaandika la mkurugenzi wa kigeni, kisha akaandika Rebeka Mgaya, muuguzi, kwa herufi za ukubwa uleule. Anabela hakujua kusoma vizuri Kiswahili cha mkono, lakini alilitafuta jina la tatu kwa kidole mpaka alipolipata. Akaikunja barua akairudisha kwenye bahasha, akasema ataipeleka mwenyewe Shangani, na anataka Rebeka afuatane naye.

Walikwenda Jumatatu. Mlinzi alisema Daktari hayupo. Anabela alikaa kwenye ngazi ya mbele, Rebeka akakaa karibu yake, wakakaa mpaka alasiri watu wakaanza kusimama njiani kuuliza. Daktari Frank alitoka saa tisa unusu. Alipokea bahasha, akaisoma pande zote mbili palepale mlangoni, na uso wake ukawa wa mtu aliyeamshwa ghafla. Alisema atafika. Anabela akamwambia ataje siku. Akataja.

Hakufika siku hiyo wala wiki iliyofuata. Kamati ya maadili ndiyo iliyofika mwezi wa nne, watu watano na magari mawili, baada ya kusimamisha mradi, na walimleta Frank pamoja nao, akiwa amekonda. Walikutana uwanja wa shule ya msingi ya Namilembe, mchana, watu wakiwepo. Frank alisema mbele ya wote kwamba ni yeye aliyeyafungua majibu na ni yeye aliyeamua. Alipoanza kueleza habari za washiriki mia mbili, mwana wa yule mzee wa mpakani aliinuka akaondoka, na wengi wakamfuata. Frank akaendelea kueleza mbele ya mabenchi yaliyobaki matupu, kisha akanyamaza katikati ya sentensi.

Anabela hakuondoka. Aligeuza kiti chake taratibu upande alikokaa Rebeka.

"Haya," alisema. "Sasa wewe."

Rebeka alisimama. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, akaiacha juu ya kiti, akaanza na yale aliyoyaandika kwa kalamu ya bluu kwenye fomu ya mwezi wa saba.